Kisima cha Wenyewe

Mimi nina mdomo, na kuanzia Msambweni hadi Kikoneni hakuna asiyelijua hilo. Marehemu mume wangu alikuwa akisema Mungu alinipa ulimi wa watu wawili akasahau kuutia breki. Kwa hivyo ukinisikia leo namshukuru Shem, mtu wa bara aliyekuwa mtunza bustani kwenye hoteli za Diani, ujue shukrani hiyo haikunitoka kwa urahisi. Kabla ya kumshukuru nilimtukana, tena nilimtukana vizuri, mpaka mkewe Atieno akajiziba uso kwa leso.

Ugomvi wetu ulikuwa wa kisima. Kwenye kitongoji chetu visima si haba, lakini vingi vina maji ya chumvi, na kiangazi kikikaza hata chai huwezi kuipika, maana maziwa yanakatika. Kisima chenye maji matamu ni kimoja tu. Kilichimbwa na babu yake Mzee Suleiman ndani ya shamba lake, akakitoa sabili, yaani kwa ajili ya Mungu, kila apitaye anywe na thawabu ziwafikie wazazi wake waliotangulia. Mawe ya ukingoni yamelika kwa kamba za watu wa vizazi na vizazi. Hapo hapakuwa na mlango wala zamu, na hakuna aliyemwomba mwenziwe ruhusa.

Mimi maji nayajua thamani yake kwa sababu sikuzaliwa huku. Nilizaliwa Taru, kwenye nchi kavu, ambako msichana anajifunza kuswaga punda wa maji kabla ya kujifunza kusuka nywele. Niliolewa huku pwani nikiwa mbichi, na mume wangu alipofariki nilianzisha kitalu cha miche ya mikanju. Napanda korosho kwenye vifuko, naziotesha chini ya kivuli cha makuti, na wakulima wanakuja kuchukua miche masika yakikaribia. Hiyo ndiyo kazi yangu, ndiyo iliyonilea mimi na wanangu. Na mche wa mkanju ukiwa mchanga hautaki chumvi hata kidogo, unataka maji matamu kila siku ya Mungu.

Sasa Mzee Suleiman alizeeka, miguu ikamkataa, akaamua kumuuzia Shem lile shamba. Mwanawe Abdulaziz, anayeishi Mombasa, alikubali bila neno. Siku ya kukabidhiana tulikaa barazani kwake, na mimi ndiye niliyepika kahawa. Mzee alikuwa hana jino hata moja la mbele, na tumbaku yake ilikuwa shavuni kama kawaida. Akasimama kwa mkongojo, akamshika Shem mkono, akasema maneno ambayo wote tulikuwa tukiyangoja: "Shamba lako, kisima cha wenyewe."

Tukaitikia amin. Shem naye alifurahi, akacheka, akamtikisa mzee mkono mpaka nikahofia ataanguka. Sisi tukasema moyoni, alhamdulillahi, tumepata mtu mwema, amefurahia kuwekewa sabili ndani ya shamba lake. Baada ya miezi michache Mzee Suleiman akatutoka, Mungu amrehemu.

Arobaini ilipokwisha tu, Shem akazungusha seng'enge. Akatia na geti la chuma na kufuli, akaleta pampu, akapanda sukumawiki na nyanya za kupeleka hotelini. Sitamsingizia, maji ya kunywa hakumnyima mtu. Asubuhi na jioni ukigonga geti anakufungulia, unachota, unaondoka. Lakini hebu fikiri, mtu mzima unapiga hodi kisimani! Tangu lini kisima kikabishiwa hodi? Nilikuwa nasimama pale na ndoo yangu kama mwombaji, damu inanichemka, na nikiingia ndani najifanya simwoni.

Siku niliyomtukana ni siku niliyokwenda na mkokoteni wa mitungi kwa ajili ya miche. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha bara, kwa upole tu, "Mama, ya kunywa chota. Ya biashara hapana, hata mimi niko na biashara." Niliyomjibu sitayarudia hapa kwa heshima yako. Nilirudi na mitungi mitupu inagongana njia nzima, watu wakitoka vibarazani kunitazama.

Mwaka huo vuli haikunyesha. Ilidondoka mara mbili tatu, vumbi likalowa, basi. Nikaanza kuimwagilia miche maji ya chumvi kwa sababu sikuwa na mengine. Majani yakaungua pembeni kama yaliyopigwa pasi. Kila asubuhi nilikuwa naondoa vifuko vilivyokufa, navipanga kando, na roho inaniuma kama ninayezika. Nilijua masika yatanikuta sina cha kumpa mkulima, na mkulima akishakwenda kwa mwingine harudi.

Hapo ndipo likabandikwa tangazo kwenye ofisi ya chifu. Shem anaomba kibali cha kukichimba kisima zaidi na kufunga pampu kubwa, na mwenye pingamizi ajitokeze, afisa wa idara ya maji atakuja kutusikiliza. Kitongoji kizima kiliwaka moto.

Abdulaziz akashuka kutoka Mombasa. Tangu barabara ya lami ifike karibu, lile shamba lilikuwa limeanza kumnukia upya. Alikuja moja kwa moja kwangu, akaniamkia vizuri, akakaa kwenye kigoda. Akaniambia kwamba mimi ndiye niliyesimama karibu na babake siku ile, birika mkononi, kwa hivyo neno langu litakuwa zito kuliko la yeyote. Nisimame niseme Shem alilisikia sharti la kisima, akalikubali, kisha akaligeuka makusudi. Mnunuzi mwongo ameuharibu mkataba mwenyewe, akasema, na wakili amemwambia mauzo yanaweza kubatilishwa. Shem ataondoka, geti litang'olewa, na mimi nitamwagilia miche yangu nitakavyo.

Wallahi nilifurahi. Nilimpa chai. Na lile nililoambiwa niseme halikuwa uongo kwangu, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyoamini. Shem alikuwepo, alisikia, alicheka, kisha akatufungia. Nililala nikiyapanga maneno yangu kama mtu anayepanga vyombo vya harusi.

Siku ya mkutano tulikaa kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima tumebanana kwenye madawati ya watoto. Afisa wa maji alikuwa binti anayeitwa Damaris, wa bara naye kwa jina na kwa sura, lakini alizunguka darasa zima akiwapa wazee shikamoo mmoja mmoja kabla ya kufungua mdomo. Hapo nikampenda nusu.

Alitueleza sheria kwa lugha ya kueleweka. Alisema hatimiliki ya shamba ni ya ardhi, lakini maji yaliyo chini yake hayauzwi pamoja na shamba. Maji ni ya wananchi wote, serikali imewekwa kuyaangalia tu, na anayetaka kuyavuta kwa pampu lazima apewe kibali. Na kibali hakitolewi kabla ya kuhakikisha watu wana maji ya kunywa na ya matumizi ya nyumbani. Tena akasema huku kwetu, karibu na bahari, kisima kikivutwa kupita kiasi chumvi inaingia, na ikishaingia kutoka ni kazi. Mimi nikawa nashangaa kimoyomoyo. Kumbe sheria na Mzee Suleiman walikuwa wanasema jambo lile lile.

Lakini akaongeza jambo ambalo lilinikata maini. Maji ya nyumbani ni ya nyumbani. Shughuli ya biashara, iwe mboga za Shem au kitalu cha miche, inahitaji kibali chake, na kisima hicho kimoja hawezi kuahidi kwamba kitatosha wote. Kwa maneno mengine, hata tukishinda, ndoo ya kupikia ningeipata na miche yangu ingekauka. Abdulaziz akanigeukia, akanitazama kama kusema, umeona? Dawa ni ile yangu.

Kisha Shem akaitwa. Akasimama, kofia mkononi, shingo imejaa jasho. Alisema hakuiba kitu ya mtu. Alisema alifanya kazi hotelini miaka mingi akitunza maua ya wengine, na shamba hili ndilo la kwanza kuwa lake, na asingelinunua kama halina maji. Alisema mzee mwenyewe alimpa kisima kwa mkono wake mbele ya watu. Damaris akamuuliza mzee alitamka maneno gani hasa.

Shem akafumba macho kidogo, kisha akayasema. "Shamba lako, kisima chenyewe."

Darasa likalipuka. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti kwamba huyu ni mwongo mchana kweupe. Atieno, aliyekuwa ameketi pembeni, akainamisha kichwa. Abdulaziz akanyanyua mkono na kumwambia afisa kwamba Bi Kadzo yupo, alikuwepo siku ile, na aulizwe yeye.

Nikasimama. Na nikasimama tu. Mimi Kadzo, mwenye ulimi wa watu wawili, nikakosa hata wa mtoto.

Kwa sababu nilikuwa nimemsikia mzee. Sisemi nimemsikia Shem, nasema nimemsikia Mzee Suleiman. Shem aliyatoa maneno yale kwa sauti ya marehemu, na mahadhi yake, akivuta pale marehemu alipokuwa akivuta, akimeza pale alipokuwa akimeza kwa ajili ya tumbaku na yale mapengo. Mwongo anatunga maneno, hatungi mapengo ya mtu. Maskini ya Mungu, mtu huyu alisema kile hasa alichosikia. Sisi tulisikia "kisima cha wenyewe" kwa sababu tulikuwa tukijua litakalosemwa. Yeye hakujua, akasikia "kisima chenyewe", akadhani amepewa shamba na kisima juu yake. Ndiyo maana alicheka vile.

Na zaidi ya hayo, neno lile lile liliwahi kunirudisha na mimi nyumbani na ndoo tupu.

Nikamtazama Abdulaziz, nikaifikiria miche yangu iliyobaki, nikajua nikifungua mdomo naiua kwa mkono wangu. Kisha nikaufungua. Nikawaambia watu kwamba huyu si mwongo na si mwizi. Nikawaeleza kuhusu meno na tumbaku, nikamwomba Shem arudie yale maneno, akarudia. Mzee mmoja akasema taratibu, "Ni Suleiman huyo."

Nikawasimulia na la kwangu. Siku ya pili ya ndoa yangu mavyaa, mamake mume wangu, alinituma maji. Nikafika kisimani, nikamkuta mwanamke anachota, nikamuuliza kisima hiki cha nani. Akanijibu, cha wenyewe. Basi mimi kule kwetu Taru nikiambiwa kitu ni cha wenyewe najua nimeambiwa usiguse. Nikamuaga, nikageuka, nikarudi na ndoo tupu, kiu imenishika, machozi yananilengalenga kwamba nimeolewa na watu wenye choyo. Mavyaa aliponisikia alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanishika mkono, akanirudisha mwenyewe hadi kisimani, akachota, akanipa kata ninywe kwanza mimi kabla yake. Akaniambia, "Wenyewe ndio sisi, mwanangu. Na wewe tangu jana."

Nikamwambia Shem kwamba mimi nilipotea kwa neno lile nikapata mtu wa kunishika mkono, na yeye alipopotea sisi tulimnunia. Nikakaa.

Abdulaziz akaniuliza kwa hasira nimekuja kumtetea nani, hao au sisi. Nikamjibu kwamba babake angekuwa na meno leo tusingekuwa kwenye madawati haya. Watu wakacheka, hata chifu. Lile la kubatilisha mauzo likafia hapo hapo, na Abdulaziz, nimpe haki yake, baadaye aliniomba radhi.

Damaris akaamua kwa namna aliyoona yafaa. Kisima kisichimbwe zaidi. Pampu ndogo ya Shem iendelee kwa mboga zake, kwa saa alizozipanga, njia ya watu hadi kisimani iachwe wazi, na maji ya nyumbani yatangulie kila kitu. Biashara nyingine, kila mtu aombe, idara ipime kwanza. Shem alikuwa akiizungusha kofia vidoleni. Nilimwona akisema neno moja peke yake, midomo tu, kama mtoto anayejifunza kusoma. Wenyewe.

Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Sikujuta, lakini nisikudanganye, nililia kidogo kwenye kitalu. Miche iliyobaki hai ilikuwa imeinama.

Kulipokucha nikasikia hodi. Nikatoka, nikamkuta Shem na Atieno mlangoni. Atieno ana ndoo kichwani na nyingine mkononi. Shem amebeba geti. Ndiyo, lile geti la chuma, amelibandua kwenye bawaba zake, amelitwika begani, anatota jasho. Akaniamkia shikamoo, mara ya kwanza tangu tujuane, kisha akapita hadi kwenye kitalu bila kungoja nijibu. Akapanga mawe manne, akalilaza geti juu yake, likawa kama kitanda. Akaniambia kwamba vifuko vikikaa chini mizizi inavitoboa na kuingia ardhini, mche ukihamishwa unakufa. Hotelini walikuwa wanaviinua hivi.

"Mama," akasema, "hiyo neno nimelala nayo. Mimi nilidhani nimepewa kisima. Kumbe nilipewa watu."

Nikalia mbele yao bila haya, mimi mtu mzima. Nikamwomba Shem msamaha kwa yale matusi, akasema mengine hakuyaelewa, nikamwambia ni heri. Atieno akaanza kumwagilia, taratibu, kifuko kwa kifuko, kwa kikombe. Maji yale yalikuwa kwenye fungu lake Shem, yale aliyoruhusiwa kwa mboga. Aliyagawa nusu kwa nusu na mimi, akapunguza vitalu vyake vya nyanya. Baadaye Damaris alitusaidia kuunda chama cha watumiaji maji, kisima kikapimwa, na kitalu changu kikapata kibali chake halali. Binti yule namwombea dua kila Ijumaa, na Mungu ajuaye dini yake ataipokea.

Miche haikupona yote. Iliyopona ilinitosha, na masika wakulima walinikuta.

Lakini nataka kumalizia na siku moja kabla ya masika, jua likiwa limetupiga mpaka mbuzi hawatoki kivulini. Nilikuwa kitaluni, Shem anapalilia mboga zake. Akatokea mtu na ng'ombe wachache, mbavu nje, wanaburuta kwato. Nilimjua kwa namna alivyojifunga shuka kabla hajasema neno. Ni mtu wa kwetu, wa Taru, anafuata maji na malisho kuja pwani. Jina lake Rai, nilikuja kujua baadaye. Akasimama mbali na kisima kwa adabu, akamwamkia Shem, akauliza kisima hiki cha nani.

Shem akajinyoosha, akaegemea jembe. Alikuwa amelifanyia neno lile mazoezi, na sasa analisema vizuri kuliko sisi. Akajibu kwa fahari, "Cha wenyewe."

Rai akaitikia kwa kichwa, akasema ahsante, akapiga mluzi. Ng'ombe wakaanza kugeuka.

Nilitaka kupiga kelele lakini sikuwahi. Shem aliganda kidogo tu, kisha nikaona jembe linaanguka. Akatimua mbio na magambuti yake, akikanyaga sukumawiki zake mwenyewe, akampita mtu, akawapita ng'ombe, akasimama mbele yao amepanua mikono. Alikuwa anahema hata kusema hawezi. Akamshika Rai mkono kama alivyoshikwa yeye na Mzee Suleiman, akamrudisha hadi kisimani, akachota, akampa kata.

"Wenyewe ndio sisi, ndugu," akamwambia. "Na wewe tangu leo."

Rai akanywa. Akanywa tena. Ng'ombe Shem akawajazia karai la kuchanganyia saruji, na mimi nikawa navuta kamba pamoja naye, machozi na jasho sijui lipi ni lipi. Nilimshukuru Mungu kwa mzee asiye na meno, na kwa mavyaa wangu, na kwa kijana huyu wa mbali aliyewanywesha watu wa kwetu.

Ng'ombe waliposhiba Rai alinisogelea, akaninong'oneza kwa Kiduruma, lugha ya kwetu, akiniuliza huyu bwana anayesema Kiswahili cha bara ni nani hapa.

Nikamwambia, "Ni mwenyewe."